Kifo cha Chura na Nzi Sita Dirishani

Marehemu alikuwa amelazwa juu ya kisahani cha chai. Hakuzidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mgongo wake ulikuwa rangi ya kutu, na tumbo jeupe lilikuwa na vidoadoa kama pilipili manga iliyomwagika. Inspekta alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi mweusi, akainama, akamtazama, kisha akaivua.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," akajibu mtaalamu wa vyura, mzee mwembamba aliyesafiri usiku kucha akiwa na ndoo tupu magotini. "Nimemtafuta miaka thelathini na moja, mama. Nimefika, nimekuta msiba."

Asubuhi, kule kituo cha polisi, wenzake Inspekta walikuwa wamemcheka hadi chai ikawapalia. "Afande, marehemu ameacha wajane wangapi?" Mwingine akauliza kama mashahidi watakuja kwa miguu au kwa kuruka. Inspekta alichukua daftari lake akaondoka. Kuua kiumbe aliye hatarini kutoweka ni kosa la jela, na sheria haisemi awe mkubwa kiasi gani. Isitoshe, kwenye benchi nje ya ofisi hii ya msitu alikaa mlinzi mmoja, baba wa watoto watatu. Gari la kumpeleka rumande lilikuwa lije saa kumi alasiri. Barua ya kumfukuza kazi ilikuwa mezani tayari, imebaki kugongwa muhuri.

"Nieleze tangu mwanzo," Inspekta akamwambia mkuu wa kituo cha msitu, mtu mnene mwenye leso mkononi. "Polepole, maana mimi sijui vyura."

Mkuu akaeleza. Jumamosi, wanafunzi wa chuo cha ualimu walipanda msituni kwa matembezi. Karibu na kijito cha juu binti mmoja aliteleza, akaanguka kifudifudi, na alipoinua uso alikuta chura huyu amekaa juu ya jiwe, wanatazamana pua kwa pua. Binti akamtambua. Picha yake imebandikwa langoni miaka yote, na chini yake maneno "Umemwona huyu?", kama jambazi anayetafutwa. Akamwaga chakula chake, akatandika skafu yake ya kijani, ikiwa mbichi, ndani ya kopo, akamweka chura, akamshusha hadi hapa ofisini mnamo saa nane. Akaagiza skafu ibaki humo na isikauke, maana alisoma kwamba chura akikauka hufa.

"Nikampigia simu mtaalamu. Nikafunga ofisi jioni, ufunguo nikamwachia mlinzi wa zamu, huyo Kobe. Jumapili alfajiri nafungua kopo, chura miguu juu."

"Na unamshuku Kobe kwa nini?"

"Mambo mawili, afande. La kwanza, nilipotangaza kwamba njia ya juu itafungwa kwa ajili ya chura, Kobe alisema mbele ya watu wote, 'Bora angekufa huyo.' Njia ya juu ndiyo anayoongozea wageni. La pili, dawa." Akaonyesha dumu la bluu kwenye pembe, lenye mistari ya kalamu na majina ya siku ubavuni, dawa ya kuua vijidudu ambayo kila mgeni hukanyaga kwenye karai kabla ya kuingia msituni, asije akaleta ugonjwa wa vyura kwa viatu vyake. "Imepungua. Hesabu haikubali."

Inspekta alikuwa anazunguka chumba. Kilikuwa chumba kidogo cha madirisha mawili, moja la mashariki na moja la magharibi. Nzi walikuwa wengi kwa sababu ya jiko la nyuma. Kwenye dirisha la mashariki walivuma na kugonga kioo, wazima wa afya. Kwenye dirisha la magharibi palikuwa kimya. Skafu ya kijani ilikuwa imetundikwa hapo kwenye msumari, na chini yake, juu ya kizingiti, walilala nzi sita na mbu wawili. Wote chali.

"Nani aliitundika hii?"

"Mimi, jana," akasema mkuu. "Ilikuwa mbichi, nikaianika nimrudishie binti wa watu."

"Na kopo?"

Alipewa. Akalinusa, akampa mtaalamu naye anuse.

"Dawa ya dumu inanuka vipi?"

"Kama wodi ya hospitali," akasema mtaalamu. "Ukiimwaga leo, mjukuu wako ataisikia."

"Na humu?"

Mtaalamu akanusa tena, pua ndani kabisa. "Majani, na wali wa juzi. Wodi siisikii."

"Nipeni glasi mbili."

Mkuu alidhani anataka maji. Inspekta alivaa glavu za plastiki, akaitandaza skafu upande mmoja wa meza. Kisha akakamata nzi mzima kwenye dirisha la mashariki, kwa wepesi wa mtu aliyelea watoto wanne, akamfunika kwa glasi juu ya skafu. Akakamata wa pili, huyu akamfunika juu ya meza tupu. Akatazama saa.

"Asiguse mtu glasi hizi. Niitieni Kobe."

Kobe aliingia kwa mwendo uliompa jina. Mikono yake ilikuwa imejaa alama za mbu kama ubao uliopigwa chaki.

"Kaa, baba. Ulisema 'bora angekufa'?"

"Nilisema."

"Akafa."

"Akafa, afande. Mdomo ulitangulia akili. Lakini mdomo wangu una ujinga tu, hauna sumu."

"Kila jioni unachora mstari kwenye dumu, mahali dawa ilipofikia. Ni wewe unayechora?"

"Ni mimi. Miaka tisa sasa."

"Mistari yako yote imekaribiana kama vidole vya mkono. Ila kati ya Alhamisi na Ijumaa pana pengo la chupa nzima ya soda. Ilikwenda wapi?"

Kobe akaangalia chini. Jasho likamtoka puani. "Hiyo siwezi kusema mbele ya Mkuu."

"Mkuu ametoka."

"Yuko nyuma ya mlango."

Mlango ukakohoa.

"Mzee," Inspekta akasema, "saa kumi gari linakuja. Aibu na jela, chagua kimoja."

Kobe akavuta pumzi. "Mama mkwe."

"Amefanya nini?"

"Amekuja. Alhamisi jioni, bila taarifa, na begi kubwa. Na choo changu, afande…" Akatafuta maneno, akayakosa, akayapata. "Ni choo ambacho mwanamume hawezi kumwonyesha mama mzaa mke wake. Nikachukua chupa moja ya dawa nikaenda nikakisugua kabla hajaomba maji ya kunawa. Nilikuwa nirudishe nikipata mshahara."

Mlango ukacheka, kisha ukajizuia.

Inspekta hakucheka. Alimwita dereva wake dirishani, akamtuma nyumbani kwa Kobe, mwendo wa dakika tano nyuma ya lango. "Kakinuse choo. Muulize na mgeni wao."

"Mimi, afande? Nikanuse?"

"Pua si unayo?"

Dereva alirudi akiwa bado ameshika pua. "Kinanuka wodi tupu. Na bibi mgeni anasema amekitumia tangu Alhamisi, hajawahi kuona choo kisafi kama hicho, bintiye ameolewa na mtu wa maana."

Kobe akafunika uso kwa viganja. Inspekta akavuta mstari kwenye daftari, akayakata maneno 'dawa ya dumu'.

Kisha akageukia meza. Zilikuwa zimepita dakika ishirini na tatu. Nzi wa meza tupu alikuwa anapanda ukuta wa glasi, anashuka, anapanda tena, kama mtu aliyesahau ufunguo. Nzi wa skafu alikuwa chali, anatikisa mguu mmoja. Wakiwa wanamtazama, mguu ukaacha.

Mtaalamu akashika ukingo wa meza. "Sumu iko kwenye skafu."

"Na chura alilala juu yake, mbichi, ndani ya kopo lililofungwa, tangu saa nane mchana hadi alfajiri," akasema Inspekta. "Chura hunywa maji kwa mdomo?"

"Hapana, mama. Chura hunywa kwa ngozi. Chochote kinachogusa ngozi yake amekinywa."

"Basi mniitie huyo binti."

Binti alifika saa saba, na hakufika peke yake. Mama yake, fundi cherehani, alikuja bado na futi ya kupimia shingoni na vipande vya uzi mweupe vimemng'ang'ania gauni. Alikuwa amebeba mkoba wa mwanawe, na ndani yake, kama alivyoonyesha kwa hiari bila kuombwa, mlikuwa na tochi, filimbi, sweta mbili, bandeji, na chupa kubwa ya maji iliyofungwa kwa kamba.

"Mwanangu hakumuua," akasema kabla hajakaa. "Alimpenda. Tangu jana hali."

"Mama, acha niulizwe mimi," binti akanong'ona.

"Ulizwa basi. Nani amekuzuia? Mwambie tu kwamba ulikuwa na kibali. Na kwamba hukupotea njia. Na kwamba—"

"Mama!"

Inspekta akamsogezea kiti. Alitazama mikono ya binti, akatazama shingo yake. Ngozi ilikuwa laini, haina hata alama moja. Mtaalamu aliyefika jana tu alikuwa anajikuna sikio. Mkuu alikuwa na uvimbe kwenye paji la uso. Dereva, aliyekaa nje saa tatu tu, alikuwa anajipiga makofi kama mwenye kesi na nafsi yake.

"Mwanangu, Jumamosi mbu waliwauma?"

"Wenzangu waliumwa mpaka wakalia. Mimi hawakunigusa. Walinitania kwamba damu yangu chungu."

"Skafu ulivaa?"

"Shingoni. Mama alinivalisha mwenyewe, akafunga fundo mara mbili."

Inspekta akamgeukia mama. Sauti yake haikupanda. "Dada, unashona nini siku hizi?"

"Sare za shule. Mapazia. Zaidi vyandarua, ndivyo vinavyotoka."

"Vile vyenye dawa?"

"Nachovya mwenyewe nyumbani. Maji kwenye beseni, dawa, unakamua, unaanika kivulini. Lakini glavu mpaka kiwikoni, na watoto nawatoa wote nje. Huwezi kucheza, dada yangu, pakiti yenyewe imeandikwa: usimwage kwenye mto, inaua samaki na…"

Neno lililofuata halikutoka. Alibaki mdomo wazi, macho kwenye skafu ya kijani chini ya glasi, kwa nzi aliyekufa.

Nje, karai la dawa lilisikika likisukumwa. Mkuu alikunja leso yake.

"Ijumaa," akasema Inspekta, "ulichovya nini kingine?"

Mama alishika ncha zote mbili za futi. "Mwaka juzi malaria ilimlaza siku tisa. Nilihesabu matone ya dripu, dada. Tone kwa tone, siku tisa. Sasa anakuja kuniambia anaingia msituni, kwa mbu wakubwa kama panzi. Nikamkataza. Akasema wenzake wote wanakwenda. Nikasema sawa. Nikasubiri alale, nikachukua skafu, nikaichovya mara moja. Mara mbili. Nikasema ni kitambaa tu, hakigusi chakula."

"Hukuniambia," akasema binti.

"Ningekuambia, ungeivaa?"

"Nisingeivaa. Lakini nisingemlaza juu yake!"

Wazazi wenzangu, tusikie hapo. Mama yule hakukosea kuogopa. Nani kati yetu haogopi? Alikosea kuficha. Dawa uliyomfichia mtoto haikai kwako. Anatoka nayo mlangoni, na kesho ataigusisha asichotaka kukidhuru, kwa mkono uliojaa mapenzi.

Mtaalamu alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alizunguka meza, akamwinamia binti.

"Skafu ilikuwa mbichi. Tumeambiwa ulimlaza kwenye skafu mbichi. Uliilowesha wapi?"

Binti akamtazama bila kuelewa.

"Wapi, mwanangu? Uliichovya kwenye kijito?"

Hata mkuu alielewa. Kama skafu ile ilikamuliwa ndani ya kijito cha juu, basi marehemu wa kisahani alikuwa wa kwanza tu, na waliobaki wangekuwa wanaelea hivi sasa.

"Nilitaka," akasema binti. "Niliinama kabisa, maji yalikuwa hapa. Halafu nikakumbuka mama alivyoniapisha mlangoni kwetu: maji ya mto usiyaguse, hata kunawa, yana minyoo, yana kichocho. Nikaogopa angeniuliza. Nikatumia maji ya chupa."

"Chupa hii?" Inspekta akainua chupa yenye kamba.

"Hiyo. Niliyamwaga skafu ikiwa ndani ya kopo, yasipotee hata tone. Mama aliyachemsha mara mbili."

"Mara tatu," akasema mama, kwa sauti ndogo sana.

Mtaalamu akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Akacheka, au alilia, ilikuwa vigumu kujua. "Ametuulia mmoja," akasema, "akatuokolea kijito kizima. Kwa woga uleule."

Inspekta aliandika. Kisha akamuuliza binti swali ambalo hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza.

"Ulipoanguka pale, kabla hujamwona, ulisikia chochote?"

"Nilisikia. Ndiyo maana nilitazama mbele badala ya goti langu. Alikuwa analia, tiki-tiki-tiki, halafu kimya, halafu tiki-tiki-tiki. Kama cherehani ya mama akiizungusha kwa mkono. Na juu zaidi, kwenye mawe, kuna kingine kilikuwa kinamjibu."

Mtaalamu akainua kichwa. "Hakuna mtu aliyewahi kuandika sauti yake," akasema taratibu. "Hakuna kabisa."

Nje kwenye benchi, mama alikwenda kwa Kobe, akasimama mbele yake akikunja na kukunjua futi. "Kaka yangu, nimekukalisha hapa siku mbili kwa kosa langu. Sina la kusema."

"Benchi halijaniuma, mama," akasema Kobe. "Kule nyumbani nisingepata hata pa kukaa. Kiti changu amekalia mama mkwe."

Mkuu alichukua barua yake akaichana mara nne, akatia vipande mfukoni. Kuhusu chupa ya dawa alisema Kobe atairudisha mwisho wa mwezi, na siku nyingine akiwa na ugeni mzito aombe kama watu wazima wanavyoomba. Inspekta alikuwa tayari kuandika kwamba kifo kilitokea bila nia na bila mshtakiwa, lakini mama alimshika mkono.

"Niandike mimi. Usiandike 'mtu fulani'."

"Si lazima, dada."

"Ni lazima. Mtaani kwangu nawajua wenzangu kumi wanaochovya vitambaa vya watoto wao kwa siri. Mimi ndiye niliyewafundisha. Ukiandika 'mtu fulani', kila mmoja atasema si mimi. Andika fundi cherehani, na huko langoni, chini ya picha ya chura, nitakuja kuibandika taarifa hiyo mwenyewe."

Inspekta akaandika.

Saa nane mvua ilinyesha ikapita, na mtaalamu akasema kama wapo, sasa ndio watalia. Langoni Kobe aliwasimamisha mstari mmoja, Inspekta naye, hakuna cheo. Viatu kwenye karai, suuza, subiri. Kisha mikono: maji matupu hadi kiwikoni, hakuna sabuni, hakuna mafuta, hakuna marashi. Nguo ya mtu aliyejipulizia dawa inabaki ofisini. Mama alinawa mara moja. Kobe alipomtazama tu, akanawa tena.

Walipanda kwa mwendo wa Kobe, njia ikiteleza, majani yakidondosha. Kwenye kijito cha juu wakakaa juu ya mawe, wasiguse maji. Mbu wakaja. Hawakuja mmoja mmoja. Inspekta alihisi shingo ikiwaka. Binti, kwa mara ya kwanza, alianza kujikuna.

Mama alikaa kati yao, mikono mitupu magotini. Mbu mmoja akatua kwenye shavu la mwanawe. Mkono wa mama ukainuka peke yake, kofi tayari. Mtaalamu akamtazama. Mkono ukasimama hewani, ukarudi gotini. Wa pili akatua kwenye shavu lake mwenyewe, akanywa akashiba, akaondoka. Mama hakupepesa.

Kimya. Maji tu.

Halafu chini ya jiwe, karibu na mguu wake, kitu kikaanza: tiki-tiki-tiki.

Mtaalamu hakusikia, masikio yake ya uzee yalikuwa yanatafuta mbali. Kobe alikuwa anatazama juu. Ni mama aliyesikia kwanza. Aligeuza kichwa kama anavyogeuza akisikia mashine yake mwenyewe chumba cha pili, akamshika binti yake mkono.

"Cherehani," akanong'ona.

Na kule juu, kwenye mawe, kingine kikajibu.

Inspekta akafungua daftari kwenye ukurasa wenye kichwa "Mashahidi", ambao tangu asubuhi ulikuwa mtupu upande wa chini. Akaandika: wawili, wote wazima. Akatazama saa ili aiandike. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, na Kobe alikuwa amekaa mbele yake juu ya jiwe, anaumwa na mbu, hana haraka ya kwenda popote.